Kengele Aliyoikalia Bibi

Jumatatu hiyo shule nzima ilichelewa, na hakuna aliyejua imechelewa kiasi gani, maana kitu cha kuwaambia kilikuwa kimeibwa.

Kengele yenyewe haikuwa ya kununua dukani. Ilikuwa ringi ya gurudumu la lori, iliyotundikwa kwa mnyororo kwenye boriti ya baraza la walimu, na kando yake kipande cha nondo cha kuigongea. Asubuhi hiyo mnyororo ulining'inia mtupu na nondo ililala sakafuni, haina wa kugombana naye. Mwalimu wa Historia, ambaye maisha yake yote alikuwa akikatizwa na kengele, alifundisha vita vilevile hadi majeshi yote mawili yakachoka. Wapishi walingoja mlio wa mapumziko mpaka chai ikapoa mara mbili. Mwalimu wa nidhamu alizunguka na filimbi, lakini filimbi haina heshima. Ilipofika Jumanne, baiskeli moja ikapita barabarani ikipiga kengele yake, na madarasa matatu yakabeba mabegi na kwenda nyumbani.

"Hili ni genge," alisema mwalimu mkuu, mama mwenye miwani iliyofungwa uzi. "Wanaume wanne kwa uchache, na gari."

Alikuwa msichana mmoja, wa miaka kumi na mitano, mwembamba kama ufito.

Tangu utotoni mtaa ulimwita Cheche, kwa sababu akiwa mdogo alikuwa hatulii, akicheka hata usingizini. Jina lilibaki ingawa kicheko kilikuwa kimeondoka bila kuaga. Jumapili alasiri, shule ikiwa tupu, Cheche alipanda juu ya dawati, akaifungua ndoano, akaisukuma ringi ikadondokea lundo la majani yaliyofyekwa. Kisha akaisimamisha na kuanza kuiviringisha.

Watu wanasema dunia ina milango migumu. Kwa mtoto, neno moja linaifungua yote.

"Wewe, unaipeleka wapi hiyo?" aliuliza mlinzi wa shule.

"Nimetumwa."

Mlinzi akafungua geti, mbawa zote mbili, akaondoa na jiwe lililokuwa njiani. Fundi pancha wa kona alimwita ampe kijiti. "Usiiinamie, utavunjika mgongo. Iongoze tu, yenyewe inajua njia." Na pale kwenye mtaro mpana, mbele ya duka lililokuwa likipakwa rangi mpya, mwanamume aliteremka kwenye ngazi ndefu, mikono ikiwa ya buluu hadi viwikoni, akaja kusaidia. Alikuwa baba yake.

"Nani kakutuma mzigo wote huu? Hawana huruma?"

"Shule, Baba."

"Shule hizi!" Akaikunja mikono ya shati, akaivusha ringi ng'ambo ya mtaro, akaipigapiga kama mtu anavyompigapiga ng'ombe wake. "Haya, nenda. Angalia mteremko huo!"

Hakuangalia. Ringi ilishika mteremko, na Cheche akaikimbiza, viatu vikipiga makofi, mikono hewani, akipiga kelele watu wapishe. Kutoka juu ya ngazi fundi rangi alimwona mwanawe akicheka, akicheka hasa, mdomo wazi. Akasimama na brashi ikidondosha rangi kwenye kiatu chake. Hakukumbuka mara ya mwisho kuona jambo hilo ilikuwa lini. Akajisemea kwamba ana binti mwenye nguvu, akaendelea na ukuta.

*

Chumba cha mbele cha nyumba yao kilikuwa ndiyo karakana. Mama Cheche alishona sare zote za shule ile: mashati kwenye misumari, sketi kwenye kamba, cherehani dirishani, na daftari la vipimo lenye majina mia tatu, kila mwanafunzi na kiuno chake, kifua chake na urefu wake. Tepu ya kupimia haikumtoka shingoni. Alikuwa ameenda nayo sokoni, msibani, na mara moja kupiga picha ya kitambulisho.

Kando ya meza ya kukatia palikuwa na gunia la mabaki ya vitambaa. Juu ya gunia hilo Cheche aliilaza ringi, akaifunika kwa kipande cha khaki, akaenda kulala na jua bado liko juu.

Bibi, mama yake fundi rangi, ndiye aliyegundua kile kiti.

"Mkwe wangu," alisema Jumatatu, akijishusha juu yake kwa mkongojo, "hatimaye mmenikumbuka. Hiki kigoda kinanitosha kama nilipimwa."

"Mama, mimi sijanunua kigoda."

"Basi mume wako kanunua kimyakimya. Mtoto niliyemlea vizuri huyo."

Akakikalia siku mbili nzima, akashona vifungo, akapanga pini, akasengenya mtaa mzima kutoka juu yake.

Jumanne jioni mwalimu wa nidhamu akaja na suruali iliyochanika. Aliichana akiruka dawati kumfukuza mtoro, na mtoro mwenyewe alikuwa binti wa nyumba hiyohiyo, lakini kwa adabu hakusema.

"Karibu, Mwalimu, karibu!" Bibi akainuka. "Keti hapa kwenye changu. Ni kigumu lakini kina baraka." Akavuta khaki aikung'ute vumbi, mkongojo ukamponyoka, ukaangukia chuma.

Ngeeeee!

Mwalimu wa nidhamu, kwa mazoea ya miaka kumi na tisa, alikamata begi lake na kupiga hatua mbili kwenda darasani. Ndipo akasimama. Akageuka taratibu.

"Bibi, naomba ukipige tena."

"Nini?"

"Hicho kiti."

Nje, wateja waliokuwa wakipita walijazana dirishani. "Mama Cheche kafungua shule!" mmoja akapaza sauti, na kicheko kikaenda kona hadi kona. Mama Cheche alisimama na mkasi mkononi, uso ukimwaka.

Mwalimu akahesabu kwa vidole. Utoro, mara kumi na moja kwa miezi miwili. Kioo cha ofisi ya walimu. Kofi kwa kaka mkuu. Mwalimu wa Hesabu kuitwa kabati mbele ya darasa. "Na sasa hii. Kesho saa nne, kamati ya nidhamu. Mje nyote. Sitawaficha, Mama Cheche: wenzangu wengi wanataka aondoke. Na sare yake iwe safi."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Suruali?"

"Itakuwa tayari kesho."

"Shilingi ngapi?"

Mama Cheche alitazama chini. "Ah, Mwalimu. Kwako wewe, acha tu."

Naye akaacha kweli.

*

Jioni hiyo mama alipiga kelele za watu watatu.

"Niambie unataka nini! Simu? Viatu? Sema!"

"Sitaki kitu, Mama."

"Hilo ndilo tatizo lako wewe! Hutaki kitu!"

Alikuwa amesema kweli tupu, lakini kwa sauti ya kugomba, na kweli ikisemwa kwa sauti hiyo hata msemaji haisikii.

"Ulibebaje dude lile?" akaendelea. "Nani alikusaidia?"

Cheche alimtazama baba yake. Baba akakohoa. Akakohoa tena.

"Baba Cheche?"

"Nilidhani katumwa."

"Wewe?"

"Ilikuwa nzito! Na mtaro ule unaujua!"

Bibi alicheka mpaka akalazimika kushika ukuta. "Mwizi, mbebaji na mkalia mali, wote nyumba moja! Bado wewe tu, mkwe wangu. Ulifanya nini?"

"Mimi nilipigia pasi juu yake," alisema mama kwa sauti ndogo, na kwa sekunde mbili hata yeye alicheka. Kisha akakumbuka kesho, akapakua chakula kwa nguvu.

Cheche aliizungusha sahani yake, akaisogeza taratibu, kama kila siku, mpaka ikagusana na ya Bibi.

"Mnamsema bure huyu mtoto," Bibi akasema, akiipokea. "Nani kati yenu ananikumbuka hivi?" Gauni lake lilikuwa limeongezwa upana ubavuni mara mbili tangu mwaka uanze, naye akijisifu kwamba uzee unampenda.

Baada ya kula mama alimwita binti yake ajaribu sare. Sketi ilishuka mpaka nyongani. Mama akasonya, akaukunja mkanda na kutia pini ya tatu juu ya mbili za zamani.

"Jora hili ni bovu. Kila likifuliwa linatanuka. Nilimwambia yule mzee wa vitambaa mbele ya wateja wake: kitambaa chako kinatanuka kama uongo! Akaniita fundi wa viraka." Akaivuta sketi. "Simama wima. Mbona umejikunja hivyo?"

Cheche akasimama wima kadiri alivyoweza.

*

Walikalishwa kwenye benchi la nje, pamoja na wavulana wawili walioletwa kwa kosa la kuuza majibu ya mtihani, ambayo hata hivyo yalikuwa ya mwaka jana. Karani wa shule alipita mara tatu. Mara ya tatu alimwinamia Mama Cheche na kumnong'oneza, akamfanya adhani kuna habari njema, kumbe anauliza blauzi yake.

Ndani, meza ndefu. Mwalimu mkuu katikati. Mwalimu wa nidhamu kuliani, na suruali yake iliyoshonwa vizuri. Mwishoni kabisa, karibu na birika, mwalimu wa malezi, dada mdogo anayefundisha Biolojia ambaye kila kikao aliachiwa kazi ya kumimina chai. Na kushotoni mwenyekiti wa wazazi, mzee wa vitambaa mwenyewe.

"Naona leo hakuna kitambaa kilichotanuka," alisema mzee. "Leo imetanuka tabia."



Wakasoma makosa. Yaliposomwa yote pamoja yalitisha, hata baba alitazama mlango. Mwalimu mkuu akavua miwani. "Simama mbele, binti. Una lolote la kusema kabla hatujaamua kama utabaki shuleni hapa?"

Cheche akasimama. Akavuta pumzi. Pini ya tatu ikaruka, ikaligonga birika: ting! Sketi ikaanza safari ya kwenda chini. Aliidaka kwa mikono miwili. Ndani alikuwa na kaptura ya michezo, ashukuriwe Mungu, lakini mwenyekiti alikuwa ameshacheka.

"Mmeona!" Mama Cheche aliruka kutoka kwenye kiti. Aibu yote ya siku mbili ilipata pa kutokea. "Mmeona wenyewe! Nilisema kitambaa kinatanuka!"

"Kitambaa changu hakitanuki!"

"Hiki hapa kimetanuka, kiko mbele yako!"

"Tunaomba utulivu—" alianza mwalimu mkuu.

"Pima!" Mzee alikuwa amesimama pia. "Tepu hiyo shingoni ni mkufu? Pima hapahapa, kamati nzima ishuhudie! Ulishona ngapi?"

"Ishirini na sita!"

"Pima!"

Mama Cheche akapiga magoti, akavuta tepu shingoni kama mtu anayechomoa upanga, akaizungusha kwenye mkanda wa sketi. Akaangalia. Akaizungusha tena.

"Ishirini na sita," alisema.

"Ahaa!" Mzee akawageukia mashahidi wake. "Haijaongezeka hata nukta!"

Lakini mama hakumsikia. Alibaki pale chini, tepu mkononi, akiutazama mkanda, na pengo lililokuwa kati ya mkanda na mtoto. Ngumi yake ingepita. Ndipo akaipenyeza tepu ndani ya sketi, akamzungushia binti yake mwenyewe, pole pole.

"Ishirini na mbili," akasema, kwa sauti ile anayotumia kazini, ya kutaka mtu aandike. Hakuna aliyeandika. Katika daftari lenye watoto mia tatu jina la mwanawe halikuwamo. Huyu alimkatia kwa kumbukumbu, tangu alipoanza kidato cha kwanza, maana mama gani hampimi mwanawe kwa macho?

"Mwanangu. Inchi nne umeziweka wapi?"

Kwenye kiti cha nyuma Bibi aliutazama ubavu wake mwenyewe, pale gauni lilipoongezwa.

"Ninazo mimi," alisema.

Mtu mmoja alicheka, halafu akajuta. Bibi alikuwa analia. "Nilidhani unanipenda, mjukuu wangu."

"Nakupenda, Bibi. Ila chakula kina ladha ya karatasi."

Mwalimu wa malezi aliliweka birika chini. Kwa mara ya kwanza kwenye kikao chochote alisema bila kuulizwa. "Usiku unalala?"

"Nalala. Saa tisa naamka, nangoja kengele."

"Kengele ya saa moja asubuhi?"

"Naingoja kama mtu anayengoja kupigwa. Ikilia, siku nyingine imeanza, na mimi sina cha kuifanyia." Alikuwa bado ameishika sketi. "Nikaona labda isipolia, asubuhi haitakuja."

"Ikawaje?"

"Ikaja." Akavuta kamasi. "Ikaja tu, bila kengele."

"Na kioo? Na kofi?"

"Nikikosea watu wananipigia kelele, Mwalimu. Kelele nazisikia. Mengine yote yanatoka mbali, kama niko ndani ya tangi la maji."



"Lakini ringi ilikuwa nzuri," Cheche akaongeza. "Kule mteremkoni."

"Nilimwona!" Baba alisimama, kofia mkononi. "Alicheka! Naapa mbele yenu, alicheka mpaka magego. Mimi ndiye niliyemvusha mtaro."

Mwalimu mkuu akarudisha miwani ili amwone vizuri. "Baba, wewe ulisaidia kuiba kengele ya serikali?"

"Alisema katumwa."

Mlangoni mtu akakohoa. "Samahani, Mwalimu," akasema mlinzi. "Na mimi nilimfungulia geti. Mbawa zote mbili."

Mwalimu mkuu akaegemea kiti, akaziba uso kwa kitambaa cha mkononi, mabega yakimtikisika. Hakuna aliyejua kama analia au anacheka, na hata alipokitoa hawakujua.

"Hali hii ina jina," alisema mwalimu wa malezi. "Inaitwa sonona. Tumekuwa tukikimbiza moshi, moto hatujautazama. Kwenye zahanati kuna mtaalamu kila Alhamisi. Nitakwenda naye mwenyewe."

"Ina dawa?" aliuliza Bibi.

"Inatibika, Bibi. Kwa mazungumzo, na dawa ikibidi. Inataka muda na watu."

"Watu tunao," alisema Bibi. "Hata wa ziada."

Mwalimu wa nidhamu alikuwa akilitazama goti la suruali yake. "Miezi miwili namkimbiza," alisema. "Sikumwuliza hata siku moja anakimbia nini."

Mzee wa vitambaa aliinuka. Akatoa pini kwenye ukosi wa koti lake, akamkabidhi Mama Cheche.

Uamuzi uliandikwa kwa mistari minne. Binti anabaki. Alhamisi anaruhusiwa. Baba atatia kioo kipya na kupaka rangi madirisha yote, kwa kosa la kushiriki. Na ringi irudi leo hii, kwa njia ileile iliyokwendea.

*

Kuteremka ilikuwa imekwenda yenyewe. Kupanda, ilitaka mtaa mzima. Baba alisukuma, mama alishikilia ubavu huku tepu ikipepea, fundi pancha aliacha gurudumu la mteja na kuja kuelekeza mambo ambayo hayakuhitaji kuelekezwa. "Hamkuniambia ni ya wizi!" alilalamika. "Ningeiongoza vizuri zaidi!" Bibi alifuata nyuma, na kila alipochoka alipumzisha mkongojo wake juu ya chuma, ngeee, na kutoka kilimani shule ikiisikia, darasa moja linatoka. Walipofika getini wanafunzi mia tatu walikuwa uwanjani, na hakuna mwalimu aliyekumbuka ni kipindi gani.

Ringi ikatundikwa. Mwalimu mkuu akaokota nondo, akamnyoshea Cheche, akitabasamu kama mtu aliyefikiria jambo zuri sana.

Cheche aliweka mikono nyuma. "Leo sitaki, Mwalimu."

 Mama akafungua mdomo amwambie asijifanye, shika, watu wanangoja. Akaufunga.

"Hataki leo," alisema mama. "Siku nyingine."

"Basi nipeni mimi!" Bibi alipenya katikati. "Nimeikalia siku mbili, tunajuana."

Akaipiga kwa nguvu hata ndege wakaondoka kwenye paa, na Mwalimu wa Historia akamaliza vita.

*

Nyuma ya daftari la vipimo, baada ya majina mia tatu, mama aliongeza moja. Kila Alhamisi wakirudi zahanati alimpima, akaandika. Ishirini na mbili. Ishirini na mbili. Wiki ya tatu Cheche hakuinuka kitandani siku mbili na akavunja kikombe ukutani. Mama aliandika ishirini na mbili, akafagia. Bibi alikula akiwa amekaa mkabala na mjukuu wake, sahani yake kaishika kwa mikono yote miwili kama anayelinda mali ya umma. "Yako yako, yangu yangu," alisema. "Mapenzi baadaye."

Alhamisi ya saba mama alizungusha tepu akiwa na pini mdomoni, kama kawaida yake. Akaisogeza dirishani kwenye mwanga. Akaipima tena, kwa sababu macho ya mama hayaaminiki. Hilo sasa alilijua.

"Ngapi?" Bibi akauliza kutoka kwenye kigoda chake kipya, cha mbao, kilichonunuliwa kwa pesa halali.

Mama hakuweza kujibu na pini mdomoni. Akainua vidole viwili, kisha cha tatu akakikunja katikati.

"Na nusu?" Bibi akainuka. "Na nusu! Baba Cheche! Nusu inchi!"

Kutoka kwenye madirisha ya shule, kilimani, mtu mwenye mikono ya buluu aliwapungia brashi. Kule asingeweza kusikia, lakini alipunga. Mama akachomoa pini moja kati ya tatu za sketi, akaiweka mdomoni pamoja na mwenzake, akawa anacheka kwa pua, machozi yakimtoka, daftari likiwa wazi magotini na kalamu haijulikani iliko.

"Iko sikioni mwako, Mama," alisema Cheche. "Andika upesi, kabla haijatoroka."